Gogo la Bi Zena na Tela Lililotaka Kutangulia

Tangu nirudi sijamaliza hata kikombe kimoja cha kahawa barazani bila mtu kuniuliza habari ya lile gari. Mmoja kaambiwa tulifukuzwa na simba, mwengine kaambiwa tuliruka mto. Simba hatukumwona, na mto wenyewe ulikuwa mkavu. Kuruka, hata hivyo, tulikaribia. Basi naandika, ili mwenye swali asome, na mimi ninywe kahawa yangu ingali moto.

Kwanza mjue tulilolifuata. Bi Zena, mdogo wa mamangu, ana kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta pale Faza, kile kinachozungushwa na ngamia. Mwaka huu kinu kilipasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Mkwewe, Bwana Madi wa Lamu, mtu wa heshima na mwavuli, akaona wakati umefika. Akaja kwa upole: "Mama, muuze ngamia, uje ukae nasi. Umechoka."

Bi Zena hakuchoka. Aliniambia pembeni: "Kwa Madi nitapewa godoro, nitapewa na chai, na kila nikivaa viatu nitaulizwa naenda wapi." Lakini binti yake, mke wa Madi, alikuwa analia, na mbele ya jamaa Bi Zena akatoa ahadi: akipata kinu kipya kikakamua kabla ya masika, Madi asimtajie tena habari ya kuhama. Asipopata, atapanda chombo cha Madi bila neno.

Mti wa kinu ulikuwepo, gogo la mbambakofi lililokaushwa vizuri, lakini lilikuwa Bodhai, ndani ya msitu wa bara. Ilibidi lifikishwe ufukweni Mkokoni wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi, kwa sababu pwani ile ni kina kifupi, na maji yakiwa si ya bamvua hayafiki popote pa maana. Bamvua la kufuata lingetukuta na mvua, na mvua ikinyesha Bodhai hatoki hata kobe.

Mokowe hadi Hindi

Gari lilikuwa la Sudi, kijana wa Mombasa, mwembamba kama mshipi. Tulisoma pamoja shule ya usiku. Mimi nilihitimu kwa kuandika na yeye kwa kusinzia, na vyeti vyetu vinafanana. Wakati wa vita vya Wadachi aliendesha magari ya jeshi, na vita vilipokwisha akabaki na hili, lenye viti mbele na sanduku la wazi nyuma. Namna lilivyovushwa hadi Mokowe ni habari ya ruhusa na makaratasi, naiacha.

Kwa kuwa gogo lisingeingia sandukuni, tulihitaji tela. Sudi aliwachorea mafundi wa Lamu mchangani: kitanda cha mbao, magurudumu mawili, na mti mrefu mbele wa kuungia kwenye gari, aliouita mkono. Mafundi wakatikisa vichwa kuwa wameelewa, wakaunda mashua. Mbavu zilipinda, pande zikapanda, na kila ufa ukazibwa kwa pamba na mafuta ya papa yaliyonuka kutoka Mokowe hadi Maka.

"Mafundi," Sudi akauliza, "mmeliziba la nini?"

"Lisiingie maji."

"Maji ya wapi?"

"Bwana, hayo tutayajuaje sisi? Safari ni yenu."

Mtu wa nne, ukimhesabu Bi Zena mwenyewe, alikuwa mjomba wangu Shee, kaka yake Bi Zena, nahodha aliyepeleka boriti Banadiri miaka mingi. Hakuna aliyepakia chombo kama yeye tangu Nabii Nuhu, na Nuhu alipakia wanyama, ambao hupanda wenyewe. Mjomba alilizunguka tela, akaligonga mbao, akaridhika. "Hiki chombo," akasema. Neno hilo lingetugharimu, lakini wakati ule lilitufurahisha sote.

Bi Zena alikuja na kapu la mikate ya mofa, papa mkavu na tende. Alikataa kukaa karibu na mashine inayotema moshi. Akatandika mkeka wake ndani ya tela, akajifunika buibui, akasema twendeni.

Tulipoingia Hindi wanawake walitoka mashambani mbio. Waliona nini? Bibi aliyejifunika, juu ya mkeka, ndani ya chombo kipya, anavutwa na motokaa, na wanaume watatu mbele wamevaa kofia safi. Vigelegele vikapasua masikio. Mzee mmoja akanishika mkono.

"Bwana arusi ndiye wewe?"

Kabla sijajibu Bi Zena akajifunua uso. "Huyu nilimwogesha mimi akiwa mtoto."

"Basi ni yule," wakasema, wakamgeukia Sudi.

"Huyo sijapata kumwogesha," Bi Zena akasema, "lakini yahitajika."

Tulieleza, tukaapa, haikufaa. Kuku walikwisha kuchinjwa na wali wa nazi ulikuwa motoni. Ukikataa chakula cha watu waliokuchinjia, usipite tena ndia hiyo. Tukakaa. Sudi alikula kwa niaba ya bwana arusi na ndugu zake wote. Mjomba alikula akitazama jua, na kila jua liliposogea alisogea naye mkekani, kama mtu anayesukumwa. Siku ikaishia hapo, na tukalala Hindi.

"Bamvua halingojei arusi," akaniambia asubuhi. Hakuwa anacheka.

Bodhai

Kutoka Hindi hakuna barabara, kuna maoni ya tembo kuhusu pa kupita. Tulifyeka, tukasukuma, tukafyeka. Mbung'o wa kule wakitua upande mmoja wa gari, gari linainama. Tela tupu liliruka nyuma yetu kama mwana mbuzi, na Bi Zena alishuka mwenyewe akaja kukaa karibu na mashine bila kuombwa.

Mwenyeji wetu Bodhai alikuwa Bwana Doza, mvunaji wa asali, aliyelikata gogo na kulikausha kivulini. Alitupatia asali kwa kibuyu, na tukaichovya mofa za Bi Zena. Bi Zena hakula. Alilipapasa gogo lile lote, akalinusa, akaweka sikio akaligonga. Mimi nikilikumbatia vidole vyangu havikukutana, na mjue nina mikono mirefu.

"Lina ufa?" Doza akamuuliza, kidogo kwa kuudhika.

"Sijausikia. Ningeusikia ningelia."

Kupakia kulisimamiwa na mjomba. Alichimba mitaro miwili, magurudumu ya tela yakashuka humo mpaka kitanda kikawa sawa na ardhi, kisha tukaliviringisha gogo juu ya vijiti hadi likaingia. Kazi safi. Sudi alisimama akatazama kwa adabu.

Gogo, kama mjuavyo, lina upande wa shina ulio mnene na mzito, na upande wa juu ulio mwembamba. Mjomba akaamuru: "Shina nyuma. Uzito wote ukae tezi. Mbele, omo, iwe nyepesi ipande."

Hivyo ndivyo chombo kinavyopakiwa, na sote tuliokuwa pale, isipokuwa Doza na Sudi, tumezaliwa tukijua hivyo. Nikamtazama Sudi.

"Vitani tulikuwa tukivuta mizinga," akasema. "Mzinga umekwisha kupakiwa na aliyeuunda. Nahodha ajua zaidi."

Tukafunga kwa kamba za makumbi, fundo za mjomba zisizofunguka ila kwa idhini yake. Mkono wa tela ukaingizwa kwenye kulabu ya gari, pini ya chuma ikapita, na Bismillahi.

Kuelekea mkondo mkavu

Mwanzo tulikwenda kama wafalme. Njia ilikuwa tambarare, ardhi ngumu, na Sudi akaongeza mwendo kwa sababu mjomba hakuacha kulitazama jua. Mimi nilikaa katika sanduku la nyuma, uso kwa uso na gogo, kazi yangu kulichunga.

Ndipo tela likaanza kutikisa mkia. Kidogo tu, kama mbwa anayemjua mtu. Kisha zaidi, kama mbwa asiyemjua. Lilikwenda kulia, likarudi kushoto, na kila liliporudi lilirudi kwa nguvu zaidi, likilivuta gari makalio huku na huku. Nilimpigia kelele Sudi. Akapunguza mwendo polepole, tela likatulia.

"Nini?" akauliza.

"Linacheza."

"Mtanga," mjomba akasema. "Gurudumu limekuta mtanga, mchanga mlaini."

Tuliendelea. Mbele yetu njia ikaanza kuteremka kwenda kwenye mkondo mkavu, ule unaojaa wakati wa masika. Mteremko haukuwa mkubwa. Hapa Lamu ningesema ulikuwa kama ukuta wa ngome, lakini leo nataka mniamini: haukuwa mkubwa. Ila gogo lilikuwa na uzito wake, na lilitaka kufika chini kabla yetu.

Nililiona tela linasukuma. Mkia ukaenda kulia. Sudi akashika breki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa gari lilisimama na tela halikukubali kusimama. Likazunguka. Gogo lililokuwa mbele ya uso wangu nikaliona kando ya bega langu, mahali ambapo gogo halina haki ya kuwa. Gurudumu moja la tela lilikuwa hewani. Nilisikia mti wa mkono ukilia kama mlango. Nikashika ukingo wa sanduku, nikaanza shahada, nikasahau kati.

Sudi akaachia breki. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo wa kuachia breki kwenye mteremko, na huku anavutwa na kitu kile. Akanyoosha usukani, gari likakimbia mbele, na lilipokimbia likamvuta mwenzake akanyooka, gurudumu likarudi ardhini kwa kishindo, na wote wawili wakashuka mbio hadi mchangani chini. Mchanga ukatushika miguu, tukasimama.

Mkono wa kanzu ya Sudi ulikuwa umechanika begani, na kipande kilikuwa kiganjani mwa Bi Zena. Hakugeuka nyuma.

"Gogo lipo?" akauliza.

"Lipo, mama," nikasema.

Ndipo akaiachia kanzu ya watu.

Ng'ambo ya mkondo

Kupanda ng'ambo ya pili kulitushinda. Magurudumu ya nyuma ya gari yalizunguka, yakapiga mchanga, hayakwenda. Niliambiwa nitie matawi chini yake. Nikainama, nikaona ajabu: mipira ilikuwa inagusa mchanga kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu. Gari halikuukalia.

Nikamwita Sudi. Akaja, akaushika mkono wa tela pale kwenye kulabu, akatia kidole chini yake.

"Nahodha," akasema, "mkono huu unakwenda yuu. Nyuma kuzito, mbele kunainuka, na kukiinuka kunaninyanyua na mimi. Ndiyo maana hatupandi. Nadhani ndiyo maana mkia unacheza pia."

"Wadhani."

"Nadhani. Tulisogeze shina mbele."

Mjomba alivua kofia akaifuta vumbi. "Mwanangu, mimi nimepakia vyombo wewe hujazaliwa. Ukitia uzito omo, kichwa kinazama. Wimbi la kwanza likija, mumekwisha."

"Wimbi, Bwana Shee?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Nimekaribia kufa sasa hivi, nitacheka nini."

Wakaanza kweli. Mjomba alisema mtanga ndio mkosaji, na dereva, na breki. Sudi alisema basi Nahodha akamate usukani yeye. Mjomba akasema angekuwa na usukani wa maana angekamata. Mimi nilijitia kukusanya matawi. Kivuli cha miti kilikuwa kimeanza kuvuka mkondo, na kila mmoja alikuwa akikiona: bamvua lenyewe lilikuwa kesho, na Mkokoni ilikuwa mbali.

Bi Zena alishuka. Akamwendea kaka yake, akasema bila kupandisha sauti: "Kaka, ya kukiinua hiki chombo chako, maji yako wapi?"

Mjomba akatazama mkondo. Mchanga, mawe, nyayo za nyati. Akatazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nami nikaanza kuyatafuta.

Kisha akapanda akakaa juu ya mkono wa tela, karibu na kulabu, kama mtu aliyechoka tu. Ni mtu mzito, mashallah. Nyuma ya gari ikashuka. "Tia moto," akasema. Sudi akatia moto, magurudumu yakauma mchanga, na gari likavuta urefu wa mkeka mmoja na mjomba juu yake, ameshika kofia.

Akashuka. "Fungueni kamba," akaamuru. "Shina mbele. Mwafanya nini mumesimama?"

Tulilitoa gogo na kuligeuza tukitumia mti wa kuinulia na jasho letu. Mjomba alitaka sasa shina likae mbele kabisa, maana akigeuka hugeuka mzima, na Sudi akamzuia: likizidi mbele litalivunja gari mgongo na kuinua magurudumu ya usukani. Wakapima kwa kusogeza kidogo kidogo, mmoja upande huu, mmoja upande ule, mpaka nyuma ya gari ikachutama kiasi tu.

"Na hii pini," mjomba akasema, akiigusa pini iliyokwisha kupinda. "Maisha ya watu yanashikwa na msumari mmoja? Mashua ya kuvutwa hufungwa mara mbili." Akapitisha kamba mbili nene chini ya mkono, zikapishana kama miguu ya mtu aliyekaa, akazifunga garini, huku akiacha ulegevu wa kutosha kukata kona. Sudi aliziangalia kamba zile, akasema "Vitani hatukuwa na hizi," na mjomba akajifanya hakusikia lakini alisikia vizuri sana.

Tulipanda. Tela lilitufuata likiwa limetulia kama mwari. Kesho yake asubuhi, mahali pabaya penye mizizi, pini ikakatika. Mkono ulianguka, ukadakwa na zile kamba zilizopishana, haukugusa ardhi. Lau ungechimba ardhi, tela lingepinduka juu yangu na habari hii ingeandikwa na mtu mwengine, asiyejua kusimulia. Sudi alipunguza mwendo pole, hakukanyaga breki kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa amejifunza. Tulitia nondo mahali pa pini, tukaendelea.

Mkokoni

Tulitoka msituni maji yakiwa yamejaa kabisa, na bahari iliyojaa kabisa haina la kufanya tena ila kurudi. Mbele yetu palibaki mchanga mlaini, mweupe, mpana. Sudi alishuka akaitoa mipira pumzi, nusu, mpaka ikalala kama maandazi. Nikafikiri amekata tamaa. Kumbe mpira uliolegea hauzami, unatambaa. Watu wa Mkokoni wakaja na makuti wakatandika mbele yetu, wakiyaokota nyuma na kuyarudisha mbele, na tukaivuka ile sahara bila kusimama, maana Sudi alisema tukisimama hapo tutajenga nyumba.

Ufukweni alikuwa amesimama Bwana Madi na mwavuli wake. Mashua yake ilikuwa inaelea nyuma yake. Alikuwa amesikia kuwa tumekwama.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba, baba. Umefanya vizuri kuja," Bi Zena akasema. "Kamba unazo?"

Sasa ilibidi tela liingie majini kwa nyuma, ili gogo liteleze. Sudi alirudisha gari, tela likaenda kushoto. Akakata kulia kulirudisha, likazidi kujikunja. Akasogea mbele, akajaribu tena, likajikunja upande wa pili. Jasho lilimtiririka. Vitani, kumbe, mizinga hairudi nyuma. Mchanga ulioloa ulianza kuonekana ukingoni mwa maji, upana wa kiganja, kisha upana wa kanzu. Bwana Madi aliutazama, na kwa adabu akatazama pengine.

Mjomba akapanda ubavuni mwa gari. "Mwanangu, usishindane nalo. Umepata kushika kana?" Kana ni ule mkono wa sukani ya chombo.

"Sijapata."

"Ukitaka omo iende kushoto, kana huisukuma kulia. Gari lako ndiyo kana. Nyuma waipeleka wapi?"

"Kushoto kidogo."

"Basi usukani kulia. Kidogo. Usiwe na pupa. Rudi katikati kabla halijamaliza kukutii."

Tela likanyooka. "Kulia. Sasa katikati. Taratibu. Kushoto. Acha." Hivyo hivyo, mjomba akisema kama anayembembeleza mtoto, likarudi moja kwa moja mpaka maji yakafika kwenye kitanda chake. Mjomba akarukia humo na kanzu yake akafungua fundo zake mwenyewe. Tukasukuma, vijana wa Mkokoni wakavuta, gogo likasita kwenye ukingo, likashuka, likazama, likaibuka mgongo wake tu.

Wakalivuta kwenye kina, wakalifunga kati ya mashua ya Bwana Madi na mashua nyingine ya pale. Bwana Madi alikuwa ameloa mpaka kifuani. Mwavuli alikuwa amemshikisha Bi Zena.

"Kwa hiyo, mama," akasema, "nakuchukua wewe, au nalichukua gogo?"

"Unatuchukua wawili. Hadi Faza. Likikataa kukamua, basi nitapanda chombo chako kama nilivyosema, na godoro langu nitalibeba mwenyewe."

Gari tulilikokota kutoka mchangani jioni nzima, kwa miguu na kwa dua. Naiacha hiyo.

Faza

Sudi alirudi Mokowe na gari. Mimi na mjomba tulivuka kwenda Faza, tukamngoja fundi alichonge kinu. Bwana Madi naye akangoja. Alisema anangoja pepo, ingawa pepo zilikuwepo, na mashua yake aliilaza pwani mahali pa kuonekana kutoka mlangoni kwa Bi Zena. Hakuna siku aliyotaja habari ya kuhama. Asubuhi alikuwa akija kuuliza hali, anakaa, anatazama wingu.

Siku ya kujaribu, wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi upande wa bara. Kinu kilisimamishwa, mchi wake ukatiwa, ufuta ukamwagwa ndani, ngamia akafungwa nira na kufunikwa macho kama desturi. Ngamia akanusa. Kinu kile kilinuka msitu, moshi na asali. Akakataa. Aliambiwa, akasukumwa, akapigwa kidogo, akalala chini na nira yake.

Bi Zena aliketi juu ya kibao chake cha kukamulia, mikono magotini. Sikupata kumwona amekaa hivyo, kama mgeni. Mjomba alitazama chini. Tone la kwanza la mvua likapiga makuti ya paa.

Bwana Madi akainuka. Nilidhani anakwenda kutoa chombo. Akavua viatu vyake, akaviweka pamoja mlangoni, akaishika kamba ya ngamia, akamnong'oneza neno sikioni, akaanza kutembea mbele yake. Ngamia aliposikia nyayo za mtu mbele akainuka, akafuata. Mzunguko mmoja. Wa pili. Mchi ukalia, kinu kikaitika, na ufuta ukaanza kuwa mweusi na kung'aa.

Alitembea mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Mara moja alipunguza mwendo akatazama nje, mvua ilikuwa imeiziba bahari yote.

"Mama," akasema, "nitembee mpaka lini?"

Bi Zena alikuwa ameinama, kibuyu chini ya mdomo wa kinu, na uzi mwembamba wa mafuta ulikuwa unaingia ndani.

"Usisimame, baba," akasema. "Kibuyu hiki ni cha wajukuu. Chako bado."